Kabla ya Kunywa Dawa ya Mitishamba ya Kutuliza Wasiwasi

Anayetaka kutuliza wasiwasi kwa mitishamba aanze kwa kuorodhesha dawa zote anazotumia, hata zile ambazo hazihesabu kuwa dawa, kama kijiti cha uzazi wa mpango, kisha ampelekee mfamasia orodha hiyo pamoja na chupa yenyewe ya dawa ya mitishamba. Lebo itaje jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, kipimo na tarehe ya kuisha muda. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji isiyo na maandishi haiwezi kuchunguzwa na yeyote, hata kama muuzaji ni mtu mwaminifu.

Mmea unaohitaji tahadhari kubwa kuliko yote ni Hypericum perforatum (kwa Kiingereza St John's wort), ambao kwa kweli umechunguzwa zaidi kwa ajili ya sonona kuliko wasiwasi. Huchochea ini kuvunja dawa nyingine haraka, hivyo vidonge vya uzazi wa mpango, kijiti, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na baadhi ya dawa za kufubaza VVU hupungua nguvu pasipo mtumiaji kuhisi lolote, na hali hiyo huweza kuendelea kwa takriban wiki 2 baada ya kuuacha. Ukichanganywa na dawa za sonona kama fluoxetine au sertraline, unaweza kusababisha jasho jingi, homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa, hali inayohitaji hospitali mara moja.

Mitishamba mingine miwili, kava na ashwagandha, imehusishwa na madhara ya ini, kwa hiyo macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Ashwagandha huweza pia kupandisha homoni za tezi dundumio, yaani tezi iliyo shingoni. Mwenye moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kupungua uzito apimwe tezi hiyo kwanza, kwani huenda anachokiita wasiwasi ni ugonjwa wa tezi. Chai ya kamomili ni nyepesi zaidi, ingawa anayetumia warfarini amweleze daktari. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu lolote kati ya haya bila ushauri.

Valeriani, mmea mwingine wa kutuliza wasiwasi, huleta usingizi, basi asiinywe anayekwenda kuendesha bodaboda wala aliyekunywa pombe au diazepamu (dawa ya hospitali ya kutuliza wasiwasi). Na aliyezoea diazepamu asiiache ghafla ili ahamie mitishamba, kwa sababu anaweza kupata degedege. Apunguziwe kidogo kidogo na daktari aliyemwandikia.