self ni nani? Somo la Python kwa kutumia kibubu

Ukibisha hodi, ndani wakauliza "Nani?", unajibu "Mimi." Hujataja jina, lakini wamekujua kwa sauti. Neno self kwenye Python ni "mimi" ya namna hiyo: maana yake hubadilika kulingana na objekti (kitu kimoja kilichotengenezwa ndani ya programu) inayosema wakati huo.

Hatua ya 1. Andika klasi hii, yaani ramani ya kutengenezea objekti, kwa mkono wako, usikopi:

class Kibubu:
    def __init__(self, mwenye):
        self.mwenye = mwenye
        self.salio = 0

    def weka(self, kiasi):
        self.salio += kiasi

Hatua ya 2. Tengeneza vibubu viwili (kila kinapotengenezwa, __init__ hujiendesha yenyewe), uweke hela kwenye kimoja:

cha_asha = Kibubu("Asha")
cha_juma = Kibubu("Juma")
cha_asha.weka(2000)

Salio la Asha sasa ni 2000, la Juma bado 0. Funksheni weka imeandikwa mara moja tu, imejuaje hela iingie kibubu kipi? Tazama kilicho kushoto kwa nukta. Mstari ule wa mwisho ni sawa na kuandika:

Kibubu.weka(cha_asha, 2000)

Jaribu, unakubali. Kibubu chenyewe kimeingia kama thamani ya kwanza, na self ni jina la kukipokelea, basi. Asiyeamini aongeze print(id(self)) ndani ya weka, kisha nje aandike print(id(cha_asha)). Namba ya utambulisho wa objekti ni ileile.

Hatua ya 3, makosa. Ukisahau self kwenye mabano ya weka, Python itapiga kelele: takes 1 positional argument but 2 were given. Utaapa kwamba umetuma thamani moja tu, hiyo 2000. Nyingine ni kibubu. Kosa hili silichukii, linajitangaza lenyewe. Ninaloliogopa ni hili:

    def vunja(self):
        salio = 0

Hapa Python haisemi kitu. Inatengeneza salio la muda, funksheni ikiisha nalo linapotea, na kibubu ulichokivunja bado kina hela zote. Nilipokuwa naanza lilinikesha usiku kucha, nikiilaumu kompyuta. Ilitakiwa self.salio = 0.

Maswali ya wanachama

Mkuu, ni lazima iitwe self? Nikiandika mimi je?

Itafanya kazi. Python haijalitenga neno self, ni mazoea yaliyoandikwa kwenye PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python. Nyumbani jifurahishe, ila kazini atakayerithi kodi (code) yako atakulaani.

Mbona kwenye Java siioni hiyo parameta (jina la kupokelea thamani) ya self?

Ipo, imefichwa, na jina lake ni this. Utaihitaji zaidi kwenye konstrakta (kama __init__ ya Python), pale parameta inapofanana jina na sehemu ya objekti: this.salio = salio. Ukiandika salio = salio, parameta inajipa thamani yake yenyewe na salio la kibubu linabaki 0. Programu inakubali kabisa kuwaka.

Kwenye JavaScript nimeandika kitufe.addEventListener("click", kibubu.onyesha), na onyesha inasoma this.salio, lakini nikibofya napata undefined. Nimekosea wapi?

Umetuma funksheni peke yake, kibubu umekiacha nyuma. JavaScript huangalia nani ameiita, na aliyeiita hapo ni kitufe. Kwa hiyo this ni kitufe, nacho hakina salio. Andika () => kibubu.onyesha() na nukta itakuwa imerudi mahali pake. Mishale hiyo ipo tangu toleo la 2015.

Nataka kuandika cha_asha.weka(500).weka(300), inagoma: 'NoneType' object has no attribute 'weka'.

Weka ya kwanza haikurudisha kitu, kwa hiyo ya pili inaitwa juu ya None, yaani "hakuna kitu". Mwishoni mwa weka ongeza return self.