Cheti cha nje na chuo cha serikali Uganda

Mwenye cheti cha Kidato cha Sita cha Tanzania asikimbilie Makerere kwanza. Aanzie UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ili cheti chake kisawazishwe na cha Uganda. Kusawazisha diploma na digrii ni kazi ya NCHE, baraza la elimu ya juu, lililoko Kyambogo, Kampala. Hapa ndipo wengi hukwama: diploma inapelekwa UNEB, mtu anarudishwa, na dirisha la maombi linafungwa. Beba cheti halisi na nakala. Majina yalingane na ya pasipoti, hata herufi moja.

Kuhusu mji, Kampala ina vyuo vikuu vya Makerere (tangu 1922) na Kyambogo, ila hosteli za Wandegeya na Kikoni si za bei poa. Udaktari unafundishwa pia Mbarara na Gulu, usisahau.