Kusoma kumbukumbu za defibrileta baada ya moyo kusimama

Fomu ya CPR (kufufua moyo kwa kukandamiza kifua na kumpa mgonjwa pumzi) hujazwa jasho likishakauka, tena kwa kukumbuka. Ndiyo maana adrenalini huonekana imetolewa kila baada ya dakika 3 kamili, jambo ambalo halitokei. Defibrileta, mashine ya kushtua moyo kwa umeme, haikumbuki, inanakili. Kosa lake ni moja: saa.

Basi anza na saa. Kabla ya kuzima, soma saa ya mashine na ya simu iliyounganishwa na mtandao kwa pamoja, uziandike zote mbili. Mashine ikisema 14:07:20 na simu 14:03:05, iko mbele kwa dakika 4 na sekunde 15. Punguza kiasi hicho kwenye kila muda iliounakili. Andika kwa mtindo wa saa 24. Muuguzi wa usiku akiandika "saa 8", anayejumlisha takwimu mwisho wa mwezi ataisoma 08:00 badala ya 02:00.

Pakua faili kabla zamu haijaisha, maana kwenye baadhi ya mashine tukio jipya hufuta la zamani. Lipe namba ya tukio, si jina la mgonjwa.

Ukilifungua, usikimbilie mishtuko. Tafuta mapengo, yaani muda ambao kifua hakikandamizwi. Pedi zisipokuwa na kihisi cha mikandamizo, tazama mstari wa ukinzani wa kifua (jinsi kifua kinavyozuia umeme kati ya pedi): kila mkandamizo huacha wimbi, na mawimbi yakikatika mikono imeondoka kifuani. Mstari huo utakupa kasi (100 hadi 120 kwa dakika) na mapumziko, lakini hautakupa kina cha sentimita 5 hadi 6.

Tuseme mikono inaondoka 02:14:08, mshtuko unatoka 02:14:31, mikono inarudi 02:14:40. Pengo ni sekunde 32, na 23 kati ya hizo ni za kabla ya mshtuko, ambapo lengo ni chini ya 10. Mara nyingi chanzo ni kungoja mashine ichaji. Dawa yake: chaji wakati kifua bado kinakandamizwa, sekunde 15 hivi kabla dakika 2 za mzunguko wa kukandamiza hazijatimia, ndipo msimame, msome mdundo, mshtue, au kama mshtuko hauhitajiki mwage chaji ndani ya mashine.

Kisha jumlisha mapengo yote. Yakiwa sekunde 150 ndani ya dakika 10, kifua kimekandamizwa sekunde 450 kati ya 600, yaani 75%. Chini ya 60% ni vibaya, lenga 80.

Mtego mmoja: mikandamizo huutikisa mchoro wa moyo hadi ufanane na mtetemeko wa ventrikali, mdundo wa vurugu unaohitaji mshtuko. Soma mdundo ndani ya mapengo tu. Mchoro uliopangika nao si ushahidi kwamba mapigo yamerudi. Oanisha na mapigo yaliyopapaswa, au kaboni dioksidi ya pumzi iliyopanda ghafla.

Kwenye rejesta, mdundo wa kwanza uwe ule wa mashine. Muda wa fomu usiufute: piga mstari mmoja juu yake, andika wa mashine uliosahihishwa pembeni, tia tarehe na sahihi.