Piga kwanza picha za kitu kisichovutwa: kupima streini kwa kamera

Mara ya kwanza nilipopima chuma kwa kamera, chuma kilirefuka kabla mashine haijakivuta. Ndivyo kompyuta ilivyosema. Bamba lilikuwa limebanwa kwenye taya za mashine, mzigo ulikuwa karibu na sifuri, lakini rangi kwenye skrini zilikuwa zimeshapanda hadi 800 katika milioni. Niliziamini. Nilifanya kazi nazo wiki mbili, nikachora grafu, nikamwonyesha mwenzangu wa maabara. Aliuliza jambo moja tu: "Ulipiga picha ngapi kabla ya kufunga taya, na ngapi baada ya kufunga?"

Moja kabla, ndiyo niliyolinganishia nyingine zote, na moja baada. Za kupima kosa la mfumo wenyewe sikuwa na hata moja.

Kwa hiyo nakuandikia wewe ambaye una kamera, lenzi, programu na sampuli mezani, na una hamu ya kuona rangi. Njia hii ni nzuri mno, na sitaki uipoteze kwa haraka kama nilivyotaka kuipoteza mimi.

Kwanza tuelewane juu ya streini. Ni kiasi ambacho kitu kimerefuka au kufupika ukigawa kwa urefu wake wa awali. Bamba la milimita 1000 likirefuka milimita 1, streini yake ni 1 kwa 1000, yaani 1000 katika milioni, ambayo maabara tunaiita maikrostreini 1000. Chuma cha kawaida cha ujenzi, chenye nguvu ya megapaskali 250 (kipimo cha nguvu kwa kila kipande cha eneo), hufika mwisho wa kunyumbuka na kurudi kikiwa kwenye maikrostreini kama 1250. Ishike namba hiyo, maana tutairudia.

Kwa miaka mingi kazi hii imefanywa na streini geji, kile kipande chembamba cha waya au utepe wa metali kinachogundishwa kwenye sampuli. Edward Simmons na Arthur Ruge waliibuni mwaka 1938, kila mmoja kivyake. Sampuli ikivutwa, waya huvutwa nayo na ukinzani wake wa umeme hupanda. Geji ya omu 120 ikivutwa kwa maikrostreini 1000 huongeza kama omu 0.24. Ni chombo cha kuaminika sana. Shida yake ni kwamba inajua habari za pale ilipogundishwa tu. Ufa ukipita sentimita mbili pembeni, geji haitakuambia kitu.

Kamera inaona uso mzima. Unapaka uso madoadoa, unapiga picha kabla ya mzigo, kisha unaendelea kupiga wakati mzigo unapanda. Programu inagawa picha ya kwanza katika vijisanduku, inatazama mpangilio wa madoa ndani ya kila kimoja, kisha inakitafuta kwenye picha zinazofuata: kimehamia wapi, kimejinyoosha vipi. Ukilinganisha misogeo ya vijisanduku jirani, unapata streini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, ndio walioanza kuitengeneza njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Madoa

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na hakuna programu itakayokuokoa baadaye. Piga msasa mwepesi, futa mafuta kwa asetoni, pulizia rangi nyeupe isiyong'aa kwa tabaka jembamba, kisha madoa meusi juu yake. Rangi inayong'aa usiiguse kabisa: sampuli ikigeuka kidogo, ule mng'ao unahama, na programu inadhani madoa ndiyo yaliyohama.

Ukubwa wa doa utauhesabu kwa pikseli. Tuseme kamera yako ina pikseli 2448 kwa upana, nawe unatazama eneo la milimita 200. Kila pikseli inabeba kama milimita 0.08. Doa zuri lina upana wa pikseli 3 hadi 5, basi hapa unataka madoa ya milimita 0.25 hadi 0.4. Yakiwa madogo kuliko hapo, pikseli hazitoshi kuonyesha kingo za doa, na programu inakosa pa kushika. Yakiwa makubwa, itabidi kijisanduku kiwe kikubwa, nawe utapoteza undani. Mimi hupulizia kwanza kwenye karatasi, huku nikibadilisha umbali wa kopo na nguvu ya kidole, napiga picha ile karatasi kwa kamera ileile na umbali uleule, navuta picha hadi nione pikseli mojamoja, nahesabu. Nikiridhika ndipo nageukia sampuli. Nusu nyeupe, nusu nyeusi, bila mpangilio wowote. Madoa yakijipanga kama nukta za kitenge, programu inaweza kulichukua doa la jirani na kuliita lake.

Jaribio lifanywe siku hiyohiyo rangi ilipopakwa, hasa kama unatarajia sampuli irefuke sana. Rangi iliyokauka mno hupasuka yenyewe, na utapima nyufa za rangi badala ya chuma.

Kamera na mwanga

Sitakaa sana hapa. Kamera isimame kwenye kiunzi kizito kisichogusa mashine. Iwashe mapema, hata nusu saa au saa nzima kabla, kwa kuwa inapopata joto mwili wake na lenzi hutanuka na picha husogea polepole. Zima fokasi ya kujiendesha. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe. Tumia taa za LED, na usiweke taa yenye joto chini ya njia ya kutazamia, maana hewa moto ikipanda mbele ya lenzi picha nzima hucheza kama barabara ya lami saa saba mchana. Mwanga uwe sawa kila pembe, na weupe usifike 255, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kwenye picha ya biti 8. Pikseli iliyojaa haina habari tena.

Picha za sifuri

Sasa tumefika kwenye kile nilichokiruka.

Funga sampuli, washa kila kitu kitakachokuwa kimewaka wakati wa jaribio, pamoja na pampu ya mashine, kisha piga picha 20 bila kuongeza mzigo. Chukua ya kwanza kama picha ya rejea, na uiambie programu ikokotoe streini ya zile 19 zilizobaki. Jibu la kweli unalijua: sifuri. Chochote itakachokuonyesha ni kelele ya mfumo wako. Andika ukubwa wake kwenye daftari kabla hujaendelea.

Mara nyingi utashangaa. Programu nzuri yenye madoa mazuri hupata msogeo kwa usahihi wa kama sehemu moja ya mia ya pikseli, jambo ambalo kwangu bado ni ajabu. Lakini ukikokotoa streini kati ya nukta mbili zilizoachana pikseli 100, kosa la 0.01 kwa 100 ni moja kwa elfu kumi, yaani maikrostreini 100. Ukizitenganisha pikseli 1000, kosa linashuka hadi 10, ila sasa unapata wastani wa karibu nusu ya picha. Huwezi kuvipata vyote viwili. Lazima uchague, na uchaguzi huo uuandike kwenye ripoti yako: ukubwa wa kijisanduku, hatua kati ya vijisanduku, urefu wa dirisha la streini (yaani eneo linalotumika kukokotoa streini ya nukta moja), na kelele uliyoipata. Mtu akikuonyesha ramani ya rangi bila namba hizo nne, muombe.

Halafu kuna zoezi la pili, na hili ndilo lingeniokoa. Legeza sampuli, isogeze nzima bila kuivuta: milimita 1 pembeni, piga picha, milimita 1 kuelekea kamera, piga picha, izungushe kidogo, piga picha. Haijavutwa, kwa hiyo streini inapaswa kubaki sifuri.

Ukitumia kamera moja, ule msogeo wa kuelekea kamera hautakupa sifuri. Kitu kikikaribia lenzi huonekana kikubwa, na kamera haiwezi kujua kama kimekua au kimesogea. Hesabu yake ni rahisi: gawa msogeo kwa umbali. Kamera ikiwa mita 1 kutoka kwa bamba, milimita 1 ya kukaribia inazaa maikrostreini 1000 za uongo. Kumbuka ile 1250. Bamba likisogea mbele kwa milimita moja na robo tu, kamera itakuambia chuma kimefika mwisho wa uwezo wake wa kurudi, na mashine haijakigusa.

Ndicho kilichonipata. Nilirudi, nikaweka saa ya kupimia misogeo nyuma ya bamba, nikafunga taya taratibu. Mshale ulitembea na kusimama kwenye 0.8. Taya zilipokuwa zinabana zilikuwa zinasukuma bamba mbele milimita 0.8, na kamera ilikuwa mita moja. Maikrostreini 800, bila kupungua wala kuzidi. Niliutazama ule mshale kwa muda mrefu.

Dawa zipo. Rahisi kuliko zote ni kuchukua picha ya rejea baada ya taya kufungwa, si kabla. Ya pili ni kurudisha kamera nyuma na kutumia lenzi ndefu zaidi. Ukiwa mita 2, uongo unapungua nusu. Ya tatu, ambayo ningeishauri kwa kazi yoyote ya maana, ni kamera mbili zinazotazama sampuli kwa pembe tofauti, kama macho yetu mawili. Hizo zinapima na umbali pia, ila lazima uzioanishe kwanza kwa bamba lenye nukta ambazo umbali wake unajulikana, na baada ya hapo asiziguse mtu. Mtu akijikwaa kwenye mguu wa kiunzi, unaoanisha upya, hata kama umebakiza sampuli moja.

Kuhusu mzunguko: kama programu yako inakupa nafasi ya kuchagua kanuni ya streini, usichague ile ya misogeo midogo pale sampuli inapoweza kugeuka. Mzunguko wa digrii 1 tu unaongeza kama maikrostreini 150 za kufupika ambazo hazipo. Kanuni ya Green na Lagrange haina kasoro hiyo.

Mzigo

Kabla ya jaribio lenyewe, vuta sampuli kidogo mahali unapojua jibu. Chuma kikivutwa kwa megapaskali 100, na ugumu wake ukiwa kama gigapaskali 200, lazima kirefuke maikrostreini 500 kwa urefu na kusinyaa kama 150 kwa upana. Gundisha streini geji moja upande wa nyuma na uzilinganishe. Zikiachana zaidi ya kelele uliyoiandika, simama hapo utafute sababu. Geji ya zamani na kamera mpya zikikubaliana katika nukta moja, unapata haki ya kuiamini kamera katika nukta elfu ambazo geji haizifikii.

Oanisha pia saa. Mashine ina saa yake na kamera ina yake, na sekunde mbili za tofauti zinatosha kuharibu grafu. Kama huna waya wa ishara kati yao, weka skrini ya mzigo pembeni mwa picha ili kila picha ibebe mzigo wake.

Sasa nikueleze kwa nini taabu hii yote inafaa. Niliwahi kupinda boriti ya zege chini ya kamera mbili. Zege hupasuka mapema, kwenye maikrostreini kama 100, kiasi kilekile cha kelele yangu, kwa hiyo nilijua tangu picha za sifuri kwamba streini ya kabla ya ufa sitaiona. Sikuitafuta. Nilitafuta msogeo. Mzigo ukapanda, uso wa boriti ukabaki mweupe wenye madoa, safi kabisa kwa macho yangu. Kwenye skrini ukatokea mstari mwembamba upande wa chini, karibu na katikati, ukipanda juu. Nilipima pande zake mbili: zilikuwa zimeachana milimita 0.02, robo tu ya pikseli. Niliinama na tochi hadi pua ikakaribia zege, sikuona kitu. Hatua tatu za mzigo baadaye ufa ukaonekana kwa macho, palepale.

Ukihamia kwenye nyuzi za kioo zinazopima kwa mwanga, ambazo nazo zinaenea kwa kasi, zoezi la sifuri linakufuata. Uzi wenye mistari iliyochorwa ndani yake kwa mwanga huakisi mwanga wa urefu mmoja wa wimbi; ukitumia wa nanomita 1550, huhamisha wimbi hilo kama pikomita 1.2 kwa kila maikrostreini. Joto nalo hulihamisha kama pikomita 10 kwa kila digrii. Maana yake digrii moja ya joto inajifanya kuwa maikrostreini 8 hivi, na uzi hauna njia ya kukuambia ni ipi. Basi laza uzi wa pili kando ya ule uliogundishwa, ukiwa huru ndani ya kijibomba, usivutwe na kitu. Usome kwa usiku mzima bila mzigo, na asubuhi utoe usomaji wake kwenye ule wa kwanza. Kinachobaki ndicho kelele yako. Kiandike kwenye daftari, ndipo uongeze mzigo.