Jinsi ya Kuakisi Klasta za Hifadhi Katika Vituo Viwili ili Kujikinga na Maafa

Kabla ya kugusa seva yoyote, kaa na wenye huduma mkubaliane mambo mawili: ni data ya muda gani inayoweza kupotea bila shughuli kuharibika, na huduma inaweza kusimama kwa muda gani. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua aina ya uakisi utakaojenga, yaani jinsi data ya klasta (kundi la seva zinazohifadhi data kwa pamoja) ya kituo kimoja itakavyonakiliwa kwenye ile ya kituo cha pili.

Ikiwa hakuna hata muamala mmoja unaoruhusiwa kupotea, jenga uakisi wa papo kwa papo, ambapo programu haijibiwi kwamba data imeandikwa mpaka klasta zote mbili zithibitishe. Hapo umbali una gharama. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 100 kati ya vituo huongeza angalau milisekunde 1 ya kwenda na kurudi kila data inapoandikwa. Vituo vikiwa mbali zaidi, klasta kuu na iandike kwanza, kisha itume mabadiliko baadaye. Katika Ceph (programu huria ya kuendesha klasta za hifadhi), kwa mfano, unaweza kupanga mabadiliko ya diski pepe yatumwe kila baada ya dakika 15. Ukifanya hivyo, kubali kwamba maafa yanaweza kukupotezea kazi ya dakika hizo, pamoja na ile iliyokuwa bado njiani.

Pima pia mtandao. Mabadiliko ya gigabaiti 500 kwa siku ni wastani wa megabiti 46 kwa sekunde, lakini usipange kwa wastani, kwa sababu saa za kazi nyingi foleni hukua na kituo cha pili hubaki nyuma kimyakimya. Weka tahadhari inayolia pale nakala ya upande wa pili inapozidi umri mliokubaliana.

Hatari kubwa kuliko zote ni njia ya mtandao kukatika huku vituo vyote viwili vikiwa hai, kila kimoja kikidhani mwenzake amekufa, na vyote vikaanza kupokea data mpya. Kuziunganisha data hizo baadaye ni kazi ngumu mno, na mara nyingi upande mmoja hutupwa. Kwa uakisi wa papo kwa papo, weka katika kituo cha tatu shahidi wa kuamua ni upande upi uendelee: seva ndogo yatosha, mradi isitegemee umeme wala njia ya mtandao ya vituo hivyo viwili. Kwa uakisi unaochelewa, uamuzi wa kuhamishia huduma kituo cha pili ubaki kwa mtu aliyetajwa kwenye mwongozo wa dharura.

Uakisi hauchukui nafasi ya nakala rudufu, kwani faili lililofutwa kimakosa hufutwa pande zote mbili.

Fanyeni zoezi la kuhama mara kwa mara, mkihakikisha kwamba funguo za usimbaji (za kufungulia data iliyofichwa) hazihifadhiwi katika kituo kikuu pekee. Zoezi lijumuishe kurudi: klasta iliyoanguka ishushwe kwanza kuwa ya pili, isawazishwe upya mpaka mwisho, ndipo ikabidhiwe tena huduma.