Teknolojia ya Habari Katika Duka la Pembejeo: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Mfanyabiashara wa kusini anayetaka kutumia kompyuta au simu janja katika shughuli zake ajiulize kwanza fedha zake zinapotelea wapi, ndipo aulize anunue kifaa gani. Katika duka la pembejeo, ambalo ndilo ninalolifahamu kwa kuwa naliendesha Masasi, jibu mara nyingi ni madeni. Mkulima wa korosho huhitaji salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga kuanzia Mei au Juni, wakati mkononi hana kitu, ilhali minnada hufunguliwa mwezi Oktoba na malipo yake huja baadaye. Katika miezi hiyo yote duka linaishi kwa mali kauli, na asiyejua kwa uhakika nani anadaiwa kiasi gani hufika Novemba akiwategemea wateja wamkumbushe.

Anza na daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila mauzo, kila deni na kila malipo, kisha soma ulichoandika. Utakuta mwuzaji mmoja ameandika "mfuko" na mwingine "kilo 25" kwa kitu kilekile, na mteja mmoja ametajwa kwa jina la baba leo na kwa jina la utani kesho. Sahihisha mambo hayo kwenye karatasi kwanza, kwa sababu kompyuta haitayasahihisha. Itayajumlisha kama yalivyo.

Baada ya hapo hamia kwenye lahajedwali, ile ambayo wengi tunaiita Excel, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Fungua kurasa tatu: bidhaa, mauzo na madeni. Katika ukurasa wa madeni kila tukio liwe na mstari wake: tarehe, namba ya simu ya mteja, jina, kijiji, chama chake cha msingi cha ushirika, bidhaa, kiasi cha fedha na tarehe aliyoahidi kulipa. Namba ya simu ndiyo itakayomtambulisha mteja, kwa kuwa majina yanafanana mno katika vijiji vyetu. Anapochukua mali, kiasi kiandikwe kama kilivyo. Anapolipa, ongeza mstari mpya wenye alama ya kutoa, wala usifute ule wa zamani. Fomula ya SUMIF itakujumlishia deni la kila namba, na mteja akija na mashaka utamwonyesha historia yake yote, mstari kwa mstari, badala ya kubishana naye mbele ya watu.

Safu ya chama cha msingi ina faida ambayo sikuiona mwanzoni. Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza Mtwara katika msimu wa 2007/2008, na mkulima hulipwa baada ya mzigo wa chama chake kuuzwa mnadani. Kumkumbusha deni tarehe 30 ya mwezi kwa sababu tu mwezi umeisha ni kumsumbua bure. Fuatilia matokeo ya minnada ya chama kikuu cha eneo lako, iwe ni MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, kisha chuja orodha yako kwa chama ambacho mzigo wake umeuzwa, na uwatumie ujumbe wadaiwa wa chama hicho peke yao. Ujumbe uwe wa heshima na utaje kiasi kilichobaki. Wateja wengi bado wanatumia simu za kitochi, kwa hiyo ujumbe mfupi wa kawaida unawafikia zaidi ya WhatsApp. Jambo moja nalisisitiza: deni lidaiwe kwa fedha. Kulipwa kwa korosho kabla ya mavuno ni kangomba, na kangomba imepigwa marufuku kwa sababu inamwibia mkulima jasho lake.

Kuhusu malipo ya simu, tenganisha laini ya biashara na laini yako binafsi, na utumie lipa namba iliyosajiliwa kwa biashara. Kila jioni linganisha miamala iliyoingia na mauzo yaliyoandikwa. Mwuzaji asikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja kama uthibitisho. Fedha imelipwa pale tu inapoonekana kwenye simu ya duka au kwenye salio. Zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zinawanasa hata watu makini siku za msongamano, hivyo wafundishe wasaidizi wako kuzipeleka namba 15040 ya kuripoti utapeli, na kila mara kagua kwa *106# ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

WhatsApp Business haina gharama ya usajili na inatosha kuonyesha bidhaa na bei. Fahamu tu kwamba ujumbe unaotumwa kwa wengi kwa pamoja kupitia orodha ya matangazo humfikia yule aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi akiwa bado yuko dukani.

Nakala rudufu ndiyo sehemu ninayoisemea kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili niliweka madeni yote ndani ya simu moja, nayo ikaibwa kituo cha mabasi mwezi Septemba. Nilipoteza kumbukumbu ambazo sikuweza kuzirudisha, na wateja waaminifu ndio walioniokoa. Tangu hapo nina nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski inayolala nyumbani, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usitegemee ya mtandaoni peke yake. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilidorora nchini kote, na mwezi huohuo barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa na mafuriko ya kimbunga Hidaya. Programu yoyote utakayochagua iweze kufanya kazi bila mtandao. Nunua kompyuta mpakato badala ya ile ya mezani, kwa kuwa betri yake itakuvusha umeme unapokatika, na kama duka lako liko karibu na bahari, Mikindani au Kilwa, ifunike kila jioni, maana hewa ya chumvi hula vyuma na viunganishi.

Kila msaidizi awe na nenosiri lake, na anapoacha kazi lifungwe siku hiyohiyo. Orodha yenye majina na simu za wateja ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka uitunze na usiigawe ovyo. Kumbukumbu za kodi nazo zihifadhiwe kwa miaka mitano, na lahajedwali haichukui nafasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi.

Programu ya kulipia ya usimamizi wa duka inunuliwe pale lahajedwali inapozidiwa, kwa mfano ukifungua tawi la Newala au Nachingwea na wauzaji wawili wakahitaji kuandika kwa wakati mmoja. Kabla ya kulipa, mwambie mwuzaji wa programu akuonyeshe, mbele yako, jinsi ya kutoa taarifa zako zote na kuzirudisha kwenye lahajedwali. Akishindwa, usinunue. Na uhamisho wenyewe ufanye Februari au Machi, kabla ya msimu wa salfa, ili mifumo miwili iende pamoja kwa wiki kadhaa bila foleni ya wateja mlangoni.