Unataka u-MCA Mombasa? Anza na mtaro, poster baadaye

Kuna vijana na kina dada wengi siku hizi wananiuliza nataka kusimama u-MCA, yaani mjumbe wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, naanzia wapi, na karibu wote swali la pili ni nahitaji pesa ngapi. Pesa tutafika, lakini wewe kwanza niambie mvua ikinyesha maji yanaingia nyumba za nani mtaani kwenu na mtaro umeziba wapi. Kama hujui basi bado, rudi ukatembee.

Mombasa tuna wadi 30 kwenye maeneo bunge 6, Kisauni ina 7 peke yake, Jomvu ina 3, hizo nyingine tano tano, na kila wadi ina kilio chake. Mtu wa Mwakirunge atakushika mkono kwa jaa la taka, wa Kongowea atataka kujua soko, ukimpelekea mmoja maneno ya mwenzake anajua hapo hapo kwamba umekuja kuomba tu.

Halafu jua kiti chenyewe kinafanya nini. MCA anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti, anaikagua serikali ya gavana, basi. Kaunti ndio yenye zahanati na hospitali zake, chekechea, vyuo vya ufundi, masoko, taka, mitaro, barabara za mtaani. Feri ya Likoni si ya kaunti, bandari si ya kaunti, polisi si wa kaunti. Sasa unasimama Mtongwe unaahidi feri mpya, watu watapiga makofi sawa, lakini wanavuka kila siku na ikifika miaka mitano wanakuuliza iko wapi, na hili naliona ni kosa baya kuliko yote kwa sababu unamuuzia mama wa watu kitu ambacho si chako. Ahidi dawa kwenye zahanati, ahidi taa ya kichochoro, hizo unaweza kuzipigania kwenye bajeti na ukaulizwa ukajibu.

Mambo ya karatasi hayana ugumu ila yana tarehe. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, huu wa mbele ni tarehe 10 Agosti 2027. Lazima uwe umejiandikisha kupiga kura na uwe raia kwa miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi, usiwe umefilisika kisheria, usiwe na kifungo cha miezi 6 au zaidi. Digrii isikutishe, mahakama kuu iliondoa sharti hilo 2021. Kama wewe ni mwalimu wa serikali au nesi wa kaunti unatakiwa ujiuzulu miezi 6 kabla, yaani mapema Februari, na hapa kaa chini na watu wa nyumbani mzungumze kwelikweli maana mshahara unakatika na kiti hujakipata. Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, ni shilingi 5,000, mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu analipa 2,500. Ada ya chama ni nyingine mbali, kila chama na yake.

Chama au huru? Ukienda chama uliza mapema kabisa mchujo utafanywaje, kwa kura au kwa mazungumzo hotelini, na ukidhulumiwa kuna jopo la kutatua mizozo ya vyama, peleka malalamiko haraka usikae unalia maskani. Ukienda huru unahitaji wapiga kura 500 wa wadi hiyo hiyo wakuunge mkono, mimi nakushauri kusanya 700 kwa sababu wengine utakuta wamejiandikisha wadi ya jirani. Na usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi, kwa hivyo ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uangalie jina lako, watu wengi wamejikuta wamesajiliwa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia.

Sasa kutembea. Asubuhi kaa kwa mama wa mahamri na mbaazi, jioni kwenye kahawa ya wazee, Jumamosi nenda kikao cha chama cha kina mama, na usiongee sana, beba daftari uandike. Msibani nenda hata kama hakuna kampeni, watu wa huku wanakumbuka nani alikuja kuzika na nani alikuja kupiga picha. Vijana wa stage ya boda na tuktuk waheshimu, wanajua wadi kuliko chifu.

Watakuomba kitu, hilo lipo. Kugawa pesa au unga upate kura ni kosa la jinai na linaweza kukunyang'anya ushindi, mwambie mtu kwa upole mamangu mimi sina cha kukupa leo ila hili la zahanati nimeliandika. Wengine watakununia. Pesa yako itumie kwa ajenti, mtu wako wa kulinda kura kituoni.

Ajenti ndio roho ya kazi. 2022 nilizunguka na mgombea mmoja, mtu mzuri, kura alikuwa nazo, lakini vituo kadhaa ajenti wake waliondoka saa mbili usiku wakiwa na njaa na hesabu ikaisha bila mtu wake. Kila kituo unaruhusiwa ajenti mmoja, mpe chakula, maji, chaji ya simu na nauli ya kurudi usiku, mfundishe fomu 36A ndio matokeo ya MCA ya kituo hicho, aisome, aisaini, abaki na nakala, apige picha. Pia akague karatasi za kura asubuhi, tulishaona hapa kwetu kura ya gavana ikaahirishwa mpaka 29 Agosti mwaka huo kwa sababu ya karatasi zilizochanganyika.

Usiku huo jumlisha mwenyewe kutoka kwa hizo 36A kabla hujasikia ya mtu. Zikipishana na zilizotangazwa una siku 28 za kufungua kesi, ya MCA inaanzia kwa hakimu na dhamana yake ni 100,000, kwa hivyo hizo nakala zifunge kwenye faili usiku ule ule na usimpe mtu azibebe.